Godeberthe Aitwa Mbarara

Ni nini kinachomfanya mkulima mwenye nguvu zake agawe mbegu zote za maharage wakati mvua imekaribia?

Godeberthe, mama Mrundi jirani yetu hapa Rubondo katika kambi ya wakimbizi, alipita nyumba kwa nyumba na kapu lake, akimchotea kila mtu. Marthe, Mkongomani anayetania hata msibani, akamwuliza: "Mama Sonia, unaenda kuolewa fasi gani, njo maana unatuachia mbegu yote?"

"Nimeitwa Mbarara."

Hapa kambini tunajua nani hupelekwa hospitali kubwa ya Mbarara: mgonjwa aliyeshindikana. Tumewaona wakiondoka wamelala, kisha tukaenda kuwapokea ndani ya sanduku. Kwa hiyo Godeberthe alipopewa rufaa, alisikia hukumu. Alimwomba hata padri mpako wa wagonjwa, ilhali mwenyewe anatembea, analima, wala hana maumivu.

Siri ya rufaa hiyo alinieleza mimi, jirani niliyesoma hadi chuo, kwa sauti ya chini, akitazama mlango. Alikuwa amepimwa mlango wa kizazi. Majibu alipewa na muuguzi kwenye korido ya zahanati ya kambi, haraka haraka, kwa Kiingereza na Kinyankore, lugha ya wenyeji, na kichwani mwake likabaki neno moja: kansa. Hasira ilinipanda. Mwili ni wake. Kwa nini habari zake zipite juu ya kichwa chake?

Nikarudi naye kwa muuguzi, nikamwomba aeleze polepole, nami nikawa nageuza kwa Kirundi. Pamba aliyojipima nayo ilionyesha virusi, si vya UKIMWI, ambavyo wanawake wengi huvipata katika ndoa, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Kwake havikuondoka, na vikikaa huweza kubadilisha seli. Muuguzi alipopaka siki pale kwenye mlango wa kizazi, doa jeupe lilitokea, likaingia ndani ambako macho ya muuguzi hayakufika. Ndiyo maana ya Mbarara: kutazamwa kwa darubini, kukatwa kipande kidogo, kipimwe.

Godeberthe aliitikia kwa kichwa. Siku ya safari alishika rozari tangu kambini, kupitia kituo cha Rwekubo, mpaka Mbarara.

Tulilala Kakoba, mtaa wa mji huo, kwa binti yake Sonia, msusi.

"Mama, hawajasema ni kansa," Sonia alimwambia tukila. "Ni seli zimebadilika. Zikiachwa miaka na miaka zinaweza kuwa kansa. Zikitolewa mapema, zimekwisha."

"Weye, tangu lini umekuwa dogiteri? Si unasuka nywele?"

"Nasuka. Na kuna mteja wangu walimtoa hizo hizo. Kila akija vidole vinaniuma, nywele zake haziishi!"

Godeberthe alicheka, kisha akauliza: "Na wakikuta imeshakuwa kansa?"

"Basi tutaitibu," Sonia alisema. "Tukirudi nyumbani haitaacha kukua kwa sababu tumeikimbia."

Mama yake akasukuma sahani. "Nikifia huku, mnirudishe Rubondo. Msinizike ugenini." Halafu akasema kwamba labda asubuhi atapanda gari la kurudi. Hatukujua kama anatania.

Kesho yake asubuhi tulikuwa kwenye benchi la hospitali. Muuguzi alitokea akaita jina la Godeberthe. Yeye akatazama sakafu. Jina likaitwa tena. Mwanamke aliyekuwa pembeni yake akaanza kuinuka ili aingie badala yake, na Sonia akanikamata mkono mpaka kucha zikaniuma.

"Ni mimi," Godeberthe alisema.

Alisimama akishika ukuta, akaingia. Mlango ulikuwa bado wazi nilipomsikia: "Dogiteri, kabla hujanigusa, niambie kwanza unatafuta nini. Kwa Kiswahili."

Daktari, kijana wa Kinyankore, aliweka chini glavu zake, akavuta kiti. "Mama, mimi Kiswahili yangu ni kidogo," akasema, "lakini nitasema yote."

Muuguzi akafunga mlango.