Punje Iliyobaki Melini

Bibi yangu Benigna ndiye mtunzaji wa MV Rweya, meli kuukuu iliyofungwa gatini Bukoba ili watu waje kuitazama. Zamani ilipokuwa ikisafiri, alikuwa mpishi wake. Siku hizi injini imekufa, lakini yeye bado anatoka Kashai kila asubuhi na brashi ya waya kikapuni. Mimi humfuata. Niliacha shule darasa la tano, na kukwangua kutu hakuulizi cheti.

Kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, akamwani. Bibi humpa kila mtu punje moja anapopanda, ila ya kwake si ya kutafuna. Unaishika, unazunguka nayo, unaidondosha kibuyuni unaposhuka. Zote zikirudi, Bibi anajua hakuna aliyebaki tumboni mwa meli. Ndipo anafunga.

Alhamisi moja walikuja wanafunzi kutoka Muleba, magari mawili. Walipoondoka saa tisa Bibi alihesabu mara tatu. Alikuwa ametoa punje sitini na nne. Zilirudi sitini na tatu.

Wakati huo fundi Muhidini alikuwa anaandaa mashine ya kuchomelea. Nyuma ya injini kuna shimo la kushukia chini kabisa, ambako sakafu imeoza na maji yanaingia. Lilikuwa wazi tangu asubuhi, ndiyo kwanza limefunikwa. Msimamizi wetu, Avit, alitaka mfuniko wake uchomelewe siku hiyo hiyo, usifunguke tena.

"Mmoja bado yumo," Bibi akasema.

Avit akacheka. "Ma Benigna, umpe Mhaya akamwani halafu utegemee airudishe? Ameitafuna huyo!"

Hata mimi niliona hivyo.

"Na kama hakuitafuna?"

"Nimemulika tochi, hamna mtu. Muhidini, choma."

Bibi akafungua kanga yake ya mabegani, akaitandika juu ya mfuniko, akakaa. "Nichome na mimi, waitu," akamwambia Muhidini kwa heshima ya Kihaya.

"Mimi sichomi mama wa mtu," Muhidini akasema, akazima mashine.

Bibi akashika nyundo yake, akagonga chuma mara tatu. Ndivyo tunavyopima: chuma kizima hulia, kilichooza hakiitiki. Tukasikiliza. Maji ya ziwa yalilamba ubavu wa meli. Kisha kutoka chini, nyuma kabisa, tukasikia: ko. Ko. Ko.

"Mnyororo huo," Avit akasema.

Bibi akagonga mara mbili. Zikarudi mbili.

Hapo Avit mwenyewe ndiye aliyeng'oa mfuniko. Muhidini akashuka na tochi, akakaa kidogo, akapanda na mvulana mgongoni. Josia, ndivyo alivyoitwa. Alikuwa amekaa juu ya bomba nyuma ya tangi, hatua mbili tu kutoka kwenye ngazi, kifundo cha mguu kimevimba. Kila gari lilidhani amepanda lile jingine. Punje yake alikuwa ameifumbata mpaka imelowa jasho.

"Mbona hukuita, mwanangu?" Bibi akamuuliza.

"Tulikatazwa kushuka. Niliogopa kuchapwa."

"Basi ulifanya vizuri kugonga."

Josia akamtazama. "Sikugonga, Bibi. Nilidhani ni nyie. Wengine mnagonga juu, wengine kule nyuma."

Avit akapiga simu shuleni, na Muhidini akakunja nyaya zake bila kuligeuzia shimo mgongo. Shimo halijachomelewa mpaka leo.

Bibi akaitia kibuyuni punje ya Josia, ya sitini na nne. Kisha akachukua punje nyingine, mpya, akainama juu ya shimo.

"Yule wa nyuma hakupewa," akasema, akaiachia.

Chini pale maji yamejaa kimo cha goti, na hata punje ya kahawa ikianguka unaisikia. Tukatega sikio, sote watano.

Hatukusikia kitu.