Waliozaa Katikati

Nilitapika tulipopita Sanje, nikatapika tena Mkula, na tulipokaribia Ifakara binti yangu alikuwa amekwisha kuwatangazia abiria wote wa viti vya nyuma kwamba mama yake haumwi, ni kawaida yake. Alisema kwa sauti ya mzazi anayemwombea radhi mtoto wake. Ana miaka minane. Konda alinipa mfuko mwingine bila kuniuliza, na mama mmoja aliyekaa upande wa pili, kuku wake miguuni, akapasua ndimu akaninyooshea mkono. "Nusa mwanangu, nusa. Una mimba?" Nikamwambia sina. "Basi ulishazaa," akasema, akageukia dirishani kana kwamba shauri limekwisha.

Kama ungenifahamu utotoni, rafiki yangu, hapo ungecheka mpaka machozi yakutoke. Mimi ndiye niliyekuwa nikipanda juu kabisa ya magunia ya mpunga, tela la trekta likipita kwenye mashimo, nikaimba. Mimi ndiye niliyefunga bembea ya kamba nyuma ya nyumba yetu ya Katindiuka na kuwatoza wenzangu maembe mabichi ili nao wabembee. Tulikuwa na mchezo wa kunyoosha mikono na kuzunguka, kuzunguka, mpaka ardhi yenyewe iinuke, kisha tukaanguka kwenye nyasi tukiliona anga linazunguka. Tulikitafuta kizunguzungu kwa jasho letu. Siku hizi nakipata bure.

Kilianza nilipojifungua huyo binti. Nilidhani ni uchovu, kwa sababu wakati ule kila kitu kilikuwa uchovu. Alipokuja wa pili nikaanza kuogopa lifti ya ofisini. Alipokuja wa tatu, kugeuka tu kwenye kiti cha mbele cha gari ili niwaambie waache kupigana kulitosha kunitia kichefuchefu. Siku moja walinibembeleza nipande bembea pamoja nao. Nilibembea mara moja tu, nikashuka kwa magoti, nikaikumbatia nguzo na kuwaambia waendelee. Nilikwenda hospitali nikapimwa presha, damu na masikio. Daktari akasema haoni tatizo, wanawake wengine hubadilika hivyo wakishazaa. Nilimshukuru, lakini nilitoka pale na hasira. Nilihisi nimebadilishiwa mwili bila kuulizwa, na ule wa zamani ndio uliokuwa na utoto wangu wote.

Safari hii sikuwa na namna ya kuikwepa. Mama alikuwa amepiga simu kusema huu ni mwaka wa mwisho wa shamba la ng'ambo. Mto umekuwa ukila ukingo kila masika, kidogo kidogo, na sasa umekaribia pale tulipokuwa tukijenga kibanda. Mwakani atalima Katindiuka, karibu na nyumbani. "Njoo uvune na mimi," alisema, "na watoto wapaone." Nilikuwa nimewasimulia wanangu habari za shamba lile tangu walipokuwa wananyonya. Badala ya hadithi za sungura na fisi walipata shamba la ng'ambo. Nilitaka niwapeleke kwa mkono wangu, niwaonyeshe kwa kidole changu. Na shamba lile, msomaji wangu, hata baada ya daraja kujengwa juu ya mto, halifikiki kwa miguu wala kwa bodaboda mpaka maji yakauke. Linakaa kati ya mto na mkono wake mmoja. Ni mtumbwi tu.

Acha nikuambie tulivyokuwa tukivuka.

Mvua zikishakolea na mpunga ukaanza kutoa masuke, nyumba nzima ilihamia shambani. Sufuria, kinu, mitungi, mikeka, kuku ndani ya tenga, na sisi watoto. Nyuma alisimama bibi, mama yake mama, ameshika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, kitenge amekifunga juu ya magoti. Alikuwa mwembamba, mzee, lakini nyayo zake zilishika mtumbwi ule kama zilikuwa sehemu ya mbao. Mbele tulikaa watoto. Na kabla hajasukuma, bibi alitazama mtumbwi wake wote na kutoa amri ileile kila mwaka. "Waliozaa katikati!"

Mama alikuwa anakaa hapo, na mama wadogo wakiwepo walikaa hapo pia. Walitandikiwa nyasi kavu, juu yake mkeka. Walikaa chini kabisa, wakiupa mgongo upande wa mbele na kumtazama bibi. Mama alijifunika kitenge kichwani, ndimu mkononi, na safari nzima hakuongea. Sisi hatukutandikiwa chochote. Tulikaa juu ya mbao zenye maji, matako yameloa. Kwa hiyo mimi nilielewa jambo lile kwa akili yangu ya mtoto: katikati ni mahali pa heshima. Mwanamke akizaa, anapewa nyasi kavu, mkeka, ndimu, na haki ya kutosumbuliwa. Nilipaonea wivu sana. Nyumbani nilikuwa nikigeuza ndoo, naketi juu ya khanga iliyokunjwa, najifunika kichwa na kukataa kumjibu mtu. Niliwahi kumuuliza bibi mimi nitakaa pale lini. Alicheka akakosa pumzi kidogo. "Utakaa," akasema, "mpaka uchoke."

Lakini mbele nako kulikuwa na mambo yake, na hayo ndiyo niliyoyabeba maisha yangu yote. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, mtumbwi ukiingia ndani yake unasikia baridi usoni, kisha ghafla unatoka kwenye mwanga. Nyangeyange waliruka wote pamoja kutoka kwenye matete, weupe, wengi, wakatua mbele kidogo, tukawafikia, wakaruka tena. Kulikuwa na kona moja yenye matete marefu, upande wa kushoto ukiwa unakwenda, ambapo viboko walikuwa wakikaa. Uliona masikio kwanza. Bibi hapo alipunguza mwendo akapita mbali, akinong'ona nao kwa Kindamba kama majirani anaowaheshimu, na sisi tukabana pumzi. Tukishapita tulipasuka kwa kelele. "Mama, umewaona? Mama, yule mkubwa!" Kitenge kiliinama kidogo, kukubali. Tukaridhika.

Ng'ambo kulikuwa na kazi. Tulikaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti mirefu, tukiamia ndege kutoka alfajiri mpaka jua lizame, kamba za makopo zimetandazwa shamba zima. Ukivuta moja, kona ya mbali inalia kwarakwara na kwelea wanaondoka kama moshi. Mpunga ulipokuwa bado mbichi mbichi bibi alivuna kidogo, akaukaanga na kuutwanga tukapata pepeta, laini, yenye harufu ya majani, tunaila kwa kiganja huku togwa likipita mkono kwa mkono. Perege walibanikwa hapo chini. Moshi wao ulipanda mpaka kwenye dungu ukatuingia kwenye nywele, na tuliporudi shule mwalimu alituambia anajua tulikotoka kabla hatujaingia mlangoni. Mama akifika ng'ambo alikuwa mtu mwingine. Alilala kidogo chini ya mti, anainuka, anafua, anapika, anaimba. Sikuwahi kuunganisha hayo mawili, kule kunyamaza kwake na kule kulala kwake.

Basi siku ya pili baada ya ile safari ya basi, tulishuka mtoni asubuhi. Ukungu ulikuwepo, jambo ambalo lilinipa moyo. Mama alikuwa ametangulia, anamwaga maji yaliyoingia mtumbwini. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia bila kuinuka, "Marahaba wajukuu zangu, ingieni mbele, msisimame." Waliingia kama wamezaliwa humo. Mimi nikaweka mguu mmoja, mtumbwi ukateleza upande, na kila kitu nilichokula tangu jana kikaja kunisalimia. Nikaurudisha mguu kwenye tope.

"Nendeni," nikasema. "Mimi nitawasubiri hapa."

Binti yangu akageuka. Hakulalamika, afadhali angelalamika. "Lakini mama, wewe ndiye unayejua," akasema. "Nani atatuonyesha?"

Nilisimama pale na viatu mkononi, mtu mzima, karibu kulia mbele ya maji niliyoogelea kabla sijajua kusoma. Nilifikiri, basi hivi ndivyo kinavyoondoka kitu. Si mto tu unaokila. Hata mimi niliyekihifadhi siwezi tena kukifikia.

Ndipo nikaona ndani ya mtumbwi. Kulikuwa na nyasi kavu, zimetandikwa sawasawa, na mkeka juu yake. Kwenye mkeka, ndimu. Mama alikuwa amekwisha kwenda nyuma. Amesimama, upondo mkononi, kitenge amekifunga juu ya magoti.

"Haya," akasema. "Waliozaa katikati!"

Nikaingia kwa kutambaa, sina haya. Nikakaa chini kabisa, nikawapa watoto mgongo na kumtazama yeye. Alisukuma. Mara moja nikaelewa kwa mgongo na kwa kiuno jambo ambalo sikuwahi kulielewa kwa akili. Hapo katikati mtumbwi hauchezi sana. Mbele unainuka na kushuka, nyuma unayumba, lakini pale chini kwenye nyasi panatulia kidogo. Halikuwa suala la heshima, au labda ndiyo heshima yenyewe, sijui. Bibi alijua ni nani anahitaji nini.

"Wewe mama, kichwa hakikusumbui?" nikamuuliza, meno nimeyauma.

"Kiliacha. Nilipoacha kuziona siku zangu, mwaka mmoja, miwili, kikatulia chenyewe. Hata mama yangu alikuwa hivyo. Alipokuwa na sisi wadogo alivushwa amelala kama mzigo." Akahamisha mikono juu ya upondo. "Mara ya kwanza kusimama hapa nyuma nilishangaa sana, mwanangu. Nilisema, kumbe mto huu ni mzuri hivi."

"Kumbe? Umeuvuka miaka yote ile!"

"Nimeuvuka, ndiyo. Macho nimefumba. Nikifungua natapika. Nilikuwa nasikia kelele zenu tu."

Hilo lilinichoma kuliko nilivyotegemea. Hazina yangu yote ya utotoni, ukungu, nyangeyange, yale masikio juu ya maji, yote niliyokuwa nikiwalisha wanangu kabla ya kulala, mama alikuwa amepita katikati yake chini ya kitenge, mwaka baada ya mwaka, na hakuna alichokiona. Na kila mwaka alikubali tena kuingia, kwa sababu sisi tulikuwa mbele.

Leo bibi hayupo. Dungu halijengwi tena pale, mama anaamia ndege kwa mkanda wa kaseti uliokatika, anaufunga kwenye miti, unang'aa na kuvuma kwa upepo. Mwakani hata mti aliokuwa akilala chini yake utakuwa ndani ya maji. Nilidhani naja kuwaonyesha wanangu vitu, na vitu vyenyewe vingi vimekwenda zake.

Mtumbwi ukaingia kwenye mkondo, ukayumba. Nikaishika ndimu kwa mikono miwili.

"Fumba macho," mama akasema. "Usijikaze bure. Mimi nitakuambia tunapopita."

Nikajifunika kitenge. Harufu ya ndimu, ya maji, ya nyasi kavu. Sauti yake ikaanza kuja juu yangu, polepole, ikifuata mwendo wa upondo. Wale pale ng'ombe wa jirani yetu Msukuma wameletwa kunywa maji, wengi kweli. Yule mvuvi anatutazama, amepunga mkono. Hawa nyangeyange wako kwenye mgongo wa ng'ombe siku hizi, wamekuwa wavivu. Nyuma yangu wanangu walipiga kelele, wameona kitu, na mdogo akaniita, "Mama, umewaona?" Nikainamisha kichwa, kukubali.

"Tumefika kona ya matete?" nikauliza.

"Matete yamebaki machache. Wamelima."

"Na viboko?"

"Sijawahi kuwaona hapa mimi," akasema. "Mama aliniambia walikuwepo."

"Walikuwepo. Kushoto kwako. Unaona pale maji yanapoingia ndani kidogo? Walikuwa wanakaa hapo, wanatoa masikio tu. Mkubwa alikaa peke yake, upande wa chini."

"Hapa?"

"Hapo."

Sikusikia tena upondo. Mtumbwi ulitulia, maji yakapiga ubavu wake taratibu. Mama alikuwa ameacha kusukuma ili apaangalie.