Sauti ya Baba Kwenye Pambio la Mwisho

Nichekeni mapema mmalize, kwa sababu hapa Rhotia mpaka leo kuna watu wakipishana nami barabarani wanakaza koo na kuiga sauti ya baba yangu, na mimi nachapa mwendo kama sijasikia.

Mimi ndiye ninayeitengenezea kwaya ya kanisa letu muziki. Studio yangu (jamani, niacheni niiite studio) ni chumba cha uani ambacho baba, Mzee Tluway, alikuwa akihifadhia maharage kabla sijamwomba, na alinipa kwa shingo upande. Mwaka ule maharage yakakubali, magunia yakajaa mpaka sebuleni, mama akawa anayaruka kila akitaka kuwasha taa, ndipo baba akanitamkia wazi: "Nitakuja kwenye huo uzinduzi wenu wa albamu. Nikiona ni kazi, chumba ni chako. Nikiona ni mchezo, maharage yanarudi kwao." Kwa hiyo wenzangu walikuwa wanawaza albamu na mgeni rasmi, mimi nilikuwa nawaza chumba tu.

Sasa sikilizeni ujinga ulipoanzia. Kwaya nyingi huku siku ya uzinduzi zinachomeka flashi, wimbo unaanza, wanacheza na kuimba juu yake mpaka unakwisha, basi, wanakaa. Ingenitosha kabisa. Lakini nikajiambia, baba akiniona nimechomeka flashi na kukunja mikono atasema hata yeye anaweza kuchomeka flashi, kwa hiyo nikaamua muziki niupige palepale kwa kompyuta, kipande kwa kipande, anione ninavyotoka jasho. (Jasho alikuja kuliona.)

Kwa ambaye hajaiona hiyo programu, ni hivi: skrini nzima ni visanduku vya rangi, na kila kisanduku kina kipande chake cha sauti, hiki ngoma, hiki kinanda, hiki besi, kile kayamba. Ukikibonyeza, kipande kinaanza na kinajirudia hichohicho mpaka wewe mwenyewe ukisimamishe. Ila hakianzi papo hapo, kinasubiri mdundo umalize mzunguko wake ndipo kiingie, ili muziki usikwaruzane. Na pembeni kwenye kila mstari kuna kitufe kimoja ambacho ukikigusa, visanduku vyote vya mstari ule vinaamka pamoja. Ni kitu kitamu sana ukiwa peke yako chumbani.

Na nilikuwa peke yangu chumbani siku nilipojiharibia. Tulikuwa tumemaliza kurekodi sauti ya Mama Naomi, mwimbaji wetu kiongozi, mama mwenye sauti ya kusikika mpaka barabara ya lami, akaondoka, na mimi nikasahau kuzima maiki. Baba akaingia kutafuta jembe. Akasema maneno fulani. Nilipokuja kusikiliza nikacheka mpaka nikakaa chini, na badala ya kufuta kama mtu mwenye akili zake, nikayakata yale maneno yakakaa sawasawa na ngoma, nikayaweka kwenye kisanduku cha kijani pembeni kabisa, kwenye mstari wa pambio la mwisho kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi, niwe nayasikiliza nikichoka. Kisha nikasahau.

Siku yenyewe uwanja wa kanisa ulijaa. Mgeni rasmi, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Mang'ola, alikuwa mbele na miwani yake ya jua, na baba alikaa safu ya pili na koti lake la harusi, hatazami kwaya, ananitazama mimi. Nyimbo za kwanza zilikwenda vizuri mno. Nabonyeza ngoma, wanaingia, nabonyeza kinanda, vigelegele, naongeza kayamba, mgeni rasmi anatikisa bega. Nikamwona baba anamnong'oneza jirani yake huku akininyooshea kidole, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesema "yule ni wangu." Nilifurahi jamani, sijui niwaelezeje. Furaha ile ndiyo iliyonipa kichwa, pambio la mwisho lilipofika nikasema sasa siokotezi kimoja kimoja, naamsha mstari mzima, nikagusa kile kitufe cha pembeni.

Ngoma ikaingia. Kinanda kikaingia. Baba akaingia.

"Huyu Mama Naomi wamsimamishe nyuma kabisa! Akipandisha sauti ng'ombe wangu wanabana maziwa!"

Kwenye spika nne, jamani. Na kwa vile nilikuwa nimeyakata vizuri, yalikaa kwenye mdundo utadhani yametungiwa pambio. Kwaya wakaendelea kucheza, maana ndivyo nilivyowafundisha mwenyewe, ngoma haijanyamaza hakuna kusimama, kwa hiyo watu na vitenge vyao wanakwenda kushoto, wanakwenda kulia, macho yamewatoka, na sauti inarudi tena: "wanabana maziwa!" Nikakibonyeza kile kisanduku cha kijani ili kizime. Kumbe ukikibonyeza tena hakizimi, kinasubiri mzunguko uishe halafu kinaanza upya, na mimi kwa kuona hakijanyamaza nikazidi kubonyeza, kinazidi kuanza upya, ikawa sasa ni "Huyu Mama Naomi! Huyu Mama Naomi!" Nikababaika, nikagusa vitufe vya kuzimia ambavyo sivyo, nikazima ngoma, nikazima kinanda, nikazima besi, akabaki baba peke yake, safi kabisa, bila hata kayamba. Nikachomoa waya. Ulikuwa wa chaji.

Aliyenyamazisha ni baba mwenyewe. Alitoka safu ya pili taratibu, koti limefungwa vifungo vyote, akafika mezani kwangu, akabandika kiganja kizima juu ya kibodi kama anayezima moto wa mkaa. Pakawa kimya. (Kitufe kile kirefu kuliko vyote, ambacho kila siku nakigusa, ndicho kinachosimamisha kila kitu. Nilikuwa nimekisahau kama nisiyewahi kukiona.)

Mama Naomi alikuwa bado ameshika maiki. Akageuka, akamwangalia baba, akasema polepole, kwa jina la heshima tunalowaita wazee huku, "Ako Tluway, kwa hiyo nisimame wapi?"

Watu wakaangua kicheko ambacho sijakisikia tena. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, lakini kilichoniuma si kicheko, ni baba, mzee wa kanisa, amesimama pale mbele za watu kwa ajili yangu mimi. Akaomba maiki. "Sauti ni yangu," akasema. "Na maneno ni yangu, mama, sitayakana. Nilikuwa nimeamka vibaya, unisamehe. Ila aliyeyaleta huku kanisani ni huyu hapa."

Mama Naomi akampa mkono. Kisha akaichukua maiki, akairudisha mezani, akatembea mpaka nyuma kabisa ya kwaya, nyuma ya wanaume warefu ambako hata kilemba chake hakikuonekana, na akaanzisha lile pambio kwa koo tupu. Bila spika, bila kompyuta, bila mimi. Waliokuwa kwenye maduka ya barabarani walitoka nje. Kwaya ikapokea, mgeni rasmi akavua miwani akacheza, na mimi nikakaa chini ya meza najifanya nakunja nyaya.

Njia nzima ya kurudi nyumbani baba alitangulia mbele, mimi nyuma na nyaya zangu. Tulipofika uani ndipo akasimama. "Nimeona ni kazi," akasema. "Ila wewe hujaijua." Asubuhi nikasikia magunia yanaingia, akayapanga mpaka nusu ya chumba, nikabanwa kwenye kona na kompyuta yangu magotini. Ajabu ni kwamba yale magunia yanameza mwangwi, na Mama Naomi alipokuja kurekodi tena (ndiyo, alikuja) sauti yake ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kuchukua. Hilo baba sijamwambia, asije akaleta mengine.

Siku hizi kwenye shughuli za watu nachomeka flashi, nakunja mikono. Na kuweka sauti ya mtu eti niicheke mwenyewe, nimekoma. Hata baba amekoma kwa namna yake: haingii tena chumbani hivihivi, anasimama mlangoni kwanza, anauliza, "Hicho chombo kimewaka?" Nikijibu kimewaka, anarekebisha kola, anasogelea maiki na kutamka kwa sauti ya mkutano, "Mama Naomi anaimba vizuri sana." Ndipo anachukua jembe lake.