Jumatatu Mama Alipokosa Sauti

Enzi zetu, ninyi wenzangu mliokulia Lubumbashi, kila nyumba ilikuwa na Jumapili yake ya mpira. Kwetu kulikuwa pia na Jumatatu. Siku hiyo mama hakuwa na sauti hata ya kumfukuza kuku, kwa kuwa yote alikuwa ameimaliza uwanjani.

Siku za kazi mama aliuza samaki wakavu wa Kasenga sokoni, lakini Jumapili alikuwa kiongozi wa nyimbo upande wa wanawake. Alijifunga kikwembe cha rangi za timu, akapanda ngazi za saruji kule kunakochomwa na jua, pamoja na rafiki yake Mama Zaituni, wa familia za Maniema, aliyepuliza firimbi kwa pumzi ambayo sijui aliitoa wapi. Sisi watoto tuliketi miguuni pao na karanga zetu, tukinusa vumbi, jasho na kinywaji cha munkoyo kilichomwagika. Timu ikizidiwa, mama alisimama, akawageukia watu, uwanja akaupa mgongo.

"Bako wapi?"

Umati mzima ukamrudishia: "Tuko hapa!"

Saruji ilitetemeka chini ya makalio yetu. Mabao mengi mama hakuyaona kabisa; aliyasoma kwenye nyuso zetu. Vijana wa leo nao huupa uwanja mgongo, ila wao ni kwa ajili ya kujipiga picha.

Kesho yake sokoni alitaja bei kwa vidole, na wateja hawakununa. Nyumbani aligonga mwiko kwenye kifuniko cha sufuria, na baba, mtu mpole aliyefanya kazi ya shaba, akawa mkalimani wake.

"Mama yenu anasema muende kuoga," alitutangazia. Kisha, macho yakiwa kwenye bukari, ugali wetu: "Anasema tena, kichwa ya samaki iko ya baba."

Mama alicheka mpaka mabega yakamtikisika, bila mlio wowote. Nilizipenda mno zile Jumatatu.

Baba alitangulia, Mama Zaituni akafuata, na mama akaacha kwenda uwanjani. Alisingizia magoti. Mwaka huu, bila mimi kutarajia, aliniomba nimpeleke. Alitaka kuwaita watu mara moja tu tena, kabla magoti hayajakataa kabisa.

Kikwembe kilitoka sandukuni kikinuka dawa ya nondo. Tulipanda polepole hadi mahali pake pa zamani, na pale juu nafasi zilikuwa tele, mtu angeweza kulala. Jirani yetu alikuwa kijana mwenye jezi ya timu ya Ulaya. Mechi yetu ilikuwa mbele yake, yeye anatazama nyingine kwenye simu.

Tulipofungwa bao, mama alinishika bega, akasimama, akageuka.

"Bako wapi?"

Watu wachache walimtazama. Akarudia, kwa nguvu zaidi. Nilijibu mimi, "Tuko hapa," na nikaisikia sauti yangu ilivyokuwa ndogo. Yule kijana akainua simu yake kumrekodi, akitabasamu kwa heshima kabisa.

"Mamie, sema tena, niko na-filmer."

Mama alikaa. Akakunja ncha ya kikwembe juu ya magoti.

"Acha, mutoto wangu," aliniambia. "Tuangalie mupira."

Tukaangalia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliiona mechi hadi mwisho. Moyo uliniuma kuliko siku tuliyomzika Mama Zaituni.

Jumatatu asubuhi nilimpigia simu. Nilikuwa nimejidanganya kwamba labda angeshindwa kuitika. Aliitika mara moja, sauti nzima, safi kama ya msichana. Akauliza habari za watoto, akalalamikia bei ya unga, akaniambia mvua imenyesha kwao usiku. Zamani sauti ile aliwapa watu wote uwanjani, akaikosa siku moja tu, na sasa anayo wiki nzima, hana wa kumpa. Nikafungua kinywa nimjibu, maneno yakakataa kutoka.

"Allô?" mama akasema. "Mbona hausemi? Sauti yako imeenda wapi?"