Uji Nilioepua Kabla Haujang'aa

Cheka, ndugu msomaji, lakini uelewe kwanza. Kina mama wa Msambweni nawafundisha kutengeneza mifuko inayooza: uji wa wanga wa muhogo hupikwa polepole mpaka ung'ae, kisha humwagwa juu ya kioo ukauke. Ule wa mfuko wa kuonyesha hotelini Diani niliupika mwenyewe kwa haraka, nikauepua ungali mweupe.

Mpishi mkuu, aliyeahidi kununua mifuko yetu ikifaa, akaujaza bhajia za moto. Mfuko ukalegea, bhajia zikamwangukia viatuni.

"Mwalimu," akauliza Mama Saumu, mwanafunzi wangu, "uji huu uling'aa?"

Jiko zima likanitazama.

"Haukung'aa," nikajibu. "Wiki ijayo nitaleta uliong'aa. Nawe mpishi, uvae viatu hivyo hivyo."