Mong'ina na Oili Inayopanda

Ukizima injini, ukachomoa ufunguo, ukaushika mkononi, na injini ile ikazidi kunguruma na kupanda kasi kana kwamba wewe hupo, utafanya nini?

Usijibu haraka. Swali hilo limo katika mazoezi ya mtihani wa cheti cha kutambua hitilafu za injini za dizeli, na nimewauliza mafundi wa Migori mara nyingi tangu nilipoanza kuwasomesha nadharia. Wengi hucheka. Mmoja aliniambia atakimbia hadi Isebania, mpakani mwa Tanzania. Mong'ina Nyamusi ndiye pekee ambaye hakucheka.

Mong'ina ni fundi wa malori katika gereji moja kando ya barabara kuu, mjini Migori. Alizaliwa Kisii, akaolewa Migori. Mumewe alipovuka mpaka kwenda kuchimba dhahabu Tanzania na kuacha kurudi, aliingia gerejini kuosha vyuma. Aliosha mpaka akajua kila chuma kinakaa wapi. Leo anafungua injini ambazo wanaume wa pale wanazikwepa, na wala halifichi jambo hilo. Humwambia mteja usoni, "Kama unataka kubembelezwa, nenda saluni. Hapa mimi natengeneza." Ana sauti kubwa, na kila Jumamosi huimba sauti ya pili katika kwaya ya Waadventista.

Lakini cheti hana. Akitengeneza lori, anayetia sahihi kwamba lori liko sawa ni Mzee Ongeri, mwenye gereji. Akisema lori lisitoke, hayo ni maneno tu ya mwanamke aliyevaa ovaroli chafu.

"Mwalimu," aliniambia siku tulipoanza, "nataka siku moja niandike HAPANA, na chini yake niweke jina langu."

Mtihani ulikuwa Jumatatu, Homa Bay. Kwa wale ambao hawakupitia chuo, watahini walitaka mwenye gereji aje mwenyewe, asimame mbele yao aseme, huyu ni fundi wangu, namjua. Bila yeye, hata chumba cha mtihani huingii. Mzee Ongeri alikuwa amekubali kuja.

Tulisomea kwenye matairi mabovu nyuma ya gereji, watu wakishamaliza kula. Joash, fundi wa breki, hakutuachia nafasi.

"Daktari! Leo umesoma ugonjwa gani?"

"Wa mdomo, Joash. Wako umeshapanda kwenye ubongo."

"Aye! Mwalimu, huyu ukimpa cheti atatutibu sisi wote kwa nguvu."

Ijumaa ya mwisho kabla ya mtihani tulikaa mpaka jioni, tukafika kwenye sura ya oili inayoongezeka. Nilisoma kwamba oili ya injini ikipanda badala ya kushuka, hiyo ni dalili ya hatari. Mong'ina akaniambia nirudie. Nikarudia. Akatazama uwanjani, mahali lilipoegeshwa lori la Sindo.

Lori hilo hubeba omena, dagaa wa ziwani. Ni la Madam Caren, mfanyabiashara wa Sindo, kule ufuoni mwa Ziwa Viktoria, na dereva wake ni Werema, Mkuria mmoja mcheshi anayependwa na gereji nzima. Hapa kwetu dereva hulaumiwa injini ikila oili. Tajiri humshuku kwamba anaiuza njiani. Ndiyo maana Werema alikuwa akijigamba, "Malori ya wenzangu yanakula oili. Langu linazaa!" Kila alipokuja alichomoa kijiti cha kupimia oili na kutuonyesha: imepanda tena. Mafundi walimpigia makofi. Mong'ina naye alimpigia. Alisema injini ile imebarikiwa.

"Kwani oili haizai, Mwalimu?" aliniuliza sasa, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Haizai. Kuna kitu kingine kinaingia."

Aliinuka akaenda kwenye lori. Alichomoa kijiti, akanusa, akadondosha tone kwenye kipande cha gazeti. Tukasubiri. Katikati pakabaki doa jeusi, na kulizunguka pakaanza kutambaa duara jepesi la rangi ya chai, likipanuka polepole.

"Dizeli," alisema.

Nikueleze kwa ufupi. Pampu ya dizeli ilikuwa inavuja ndani kwa ndani. Dizeli ilishuka chini, ikachanganyika na oili, kiwango kikapanda. Ikipanda vya kutosha, injini huanza kuivuta oili hiyo kupitia bomba la hewa na kuichoma kama mafuta yake. Hapo ufunguo hauna kazi tena, kwa sababu ufunguo hufunga dizeli ya kwenye tangi, na injini haiihitaji tena dizeli hiyo. Inajilisha yenyewe. Inakimbia mpaka ipasuke. Njia inayobaki ni kuinyima hewa.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Mzee Ongeri alitoka ofisini akipiga makofi. "Mafundi, jua! Jua!"

Kila fundi wa gereji ile anaijua sauti hiyo. Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, spana zinawekwa chini, mikono inaoshwa, lango linafungwa. Na gari la mteja halilali pale siku ya Sabato, maana mlinzi naye huenda kanisani, kanisa lile lile la Mzee na Mong'ina. Liwe limekwisha au halijakwisha, linatoka.

"Mzee," Mong'ina alisema, "hili lori lisiwashwe. Dizeli inaingia kwenye oili. Lazima pampu ifunguliwe."

"Lililetwa kwa ajili ya breki. Breki ziko sawa. Nimeshamwambia Caren lori liko tayari."

"Mwambie haliko tayari."

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Wewe nani?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza huku akiufuta mkono wake kwa kitambaa cheupe. "Cheti kiko wapi, mama?"

"Nakifuata Jumatatu."

"Basi Jumatatu utasema. Leo ni Ijumaa." Akamkaribia. "Na Jumatatu nani atasimama mbele ya wale watu aseme wewe ni fundi wake? Si mimi? Haya. Mpigie Caren simu umwambie gereji yangu inatoa malori mabovu. Mpigie tu."

Akaenda kufunga ofisi.

Mong'ina alikuwa na simu mkononi. Jina la Caren lilikuwa kwenye kioo, nililiona.

"Piga," nilimwambia. "Au nipe mimi nipige."

"Ukipiga wewe, Mzee atajua neno limetoka kwangu."

"Mong'ina, mtu anaweza kufa!"

"Usinipigie kelele, Mwalimu. Wewe ukifukuzwa hapa utatoka na diploma yako. Mimi nikifukuzwa nitatoka na nini? Na hii ovaroli?"

Akairudisha simu mfukoni.

Nitasema hapa kile ambacho sikukisema pale. Tunamwambia fundi wa kweli kwamba neno lake halitakuwa na uzito mpaka apate cheti. Kisha tunamwekea cheti hicho mikononi mwa mtu anayemtaka anyamaze. Anainunua sauti yake kwa kimya. Mfumo kama huo haupimi ufundi hata kidogo, unapima tu ni nani anajua kuinamisha kichwa. Vijana wenzangu tuliosoma, tukiuvumilia, tusijiite wasomi.

Mong'ina alitafuta njia ya katikati. Aliokota kipande cha ubao wa kreti, akakikata kwa msumeno kikawa kipana kuliko mdomo wa bomba la hewa, akampelekea Werema ambaye tayari alikuwa ameketi nyuma ya usukani.

"Dada, hii ni ya kukatia sukuma wiki?"

"Nisikilize, Werema. Endesha polepole mpaka Sindo, uliegeshe, usiliwashe tena. Jumapili nitapitia huko nikienda Homa Bay, niifungue hiyo pampu kimyakimya. Umenisikia? Usiliwashe. Na kama litakataa kuzima, usihangaike na ufunguo. Funika pua yake, huo mdomo wa bomba la hewa, kwa huu ubao, ubonyeze."

"Litakataa kuzima? Lori langu? Hili linanitii kuliko mke wangu."

"Niahidi."

"Nimeahidi, dada. Acha kunitisha, bwana."

Nyumbani kwetu ni Sindo, kwa hiyo nilipanda naye. Tulipita Sori na Magunga giza likiingia. Werema aliimba, akatania, akaendesha polepole kama alivyoambiwa. Lakini nilisikia jambo ambalo pengine nisingelisikia kama nisingelijua. Kila alipoondoa mguu kwenye mafuta mlimani tukishuka, injini ilichelewa kutulia. Ilichelewa kidogo tu, kama mtu anayejifikiria kabla ya kutii. Werema aliacha kuimba.

"Umesikia?" nikamwuliza.

"Ni baridi," alisema.

Aliliegesha kwenye mteremko juu ya ufuo, pua ikitazama ziwa. Breki ya mkono hakuiamini ingawa Joash aliitengeneza siku ile ile. Akatafuta kitu cha kuzuia gurudumu, akauchukua ule ubao, akaukandamiza chini ya tairi.

"Werema, ubao huo sio wa hapo."

"Si nimeahidi siliwashi mpaka Jumapili? Basi acha ulale hapo."

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeamua. Asubuhi ningemwambia Madam Caren mwenyewe, ana kwa ana, kwa jina langu.

Asubuhi iliamka na wingu zito juu ya ziwa, upande wa kisiwa cha Rusinga. Omena ilikuwa imeanikwa kwenye nyavu ufuo mzima, kavu, tayari. Mvua ingeinyeshea, ingeoza yote. Wanawake walikuwa wanakusanya mbio. Nilipokuwa nateremka nilimsikia Madam Caren akipaza sauti, "Werema! Leta lori hapa chini! Unangoja nini?" Werema alimjibu kitu ambacho sikukisikia. Madam Caren akaonyesha wingu. Werema akatazama wingu, akapanda.

Nilipaza sauti, lakini lori lilikuwa limeshawaka.

Moshi mweupe ulitoka, ukageuka wa samawati, ukafunika mteremko. Injini ilinguruma, ikapanda, ikapanda tena. Werema aliruka chini akiwa ameinua mkono, na mkononi mlikuwa na ufunguo. Alituonyesha sote, huku na huku, kama anayetaka tushuhudie kwamba amezima. Injini iliendelea kupanda mpaka ikawa inalia. Wanawake waliziacha nyavu wakakimbia. Werema aliinama kuuchukua ubao; tairi lilikuwa limeukalia, na alipouvuta lori lilisogea mbele kidogo kuelekea watu. Akauacha. Akavua koti lake, akalisukuma kwenye mdomo wa bomba la hewa. Injini ikalivuta ndani, mikono ya koti na yote, ikazidi kulia.

Kisha ikapasuka. Kipande cha chuma kilitoka ubavuni mwa injini, kikampata Werema pajani, akaketi chini taratibu kama mtu aliyechoka. Pakawa kimya. Oili nyembamba kama maji iliteremka juu ya omena.

Tulimfunga kwa leso, vijana wakambeba kwenye pikipiki kwenda zahanati, kichwa kimelegea. Hakuwa na uwezo wa kusema neno. Ubao ulibaki chini ya tairi.

Madam Caren alimpigia simu mwenye gereji, akaweka spika. Ilikuwa Sabato, saa ya ibada, lakini Mzee Ongeri aliipokea mara moja.

"Lori langu limepasuka! Dereva wangu anakufa! Nani alilishika hili gari?"

Mzee Ongeri hakukawia.

"Lilishikwa na Mong'ina," alisema. "Pole sana, Madam. Yule hana cheti."

Nyuma ya sauti yake kwaya ilikuwa inaimba, na niliitambua sauti ya pili.