Chemchemi ya Mawe Mawili

Wapima ardhi walipofika kijijini kwetu, kata ya Nemba, walimfuata kila mtu shambani kwake wakiwa na fomu za hati. Shemeji yangu, Msukuma aliyehamia hapa na ng'ombe kutoka Shinyanga, alitoa kitambulisho cha taifa mfukoni, wakanakili namba, kazi ikaisha. Mimi sikuwa nacho. Nimepita miaka arobaini. Nimechunga ng'ombe za watu Nyakahura, nimechuuza dagaa, nimechimba dhahabu, na kila nilipodaiwa kitambulisho nilifungasha nikaenda kwingine. Safari hii sikutaka kufungasha. Ekari zile tatu ni shamba la kwanza ambalo nimelipanda migomba nikakaa hadi ikazaa.

"Mrundi wangu," shemeji akaniambia, "nenda kwenu ukatafute hiyo namba. Wakirudi hawajaiona, shamba litabaki halina mwenyewe."

Ananiita hivyo tangu nimwoe dada yake, kwa ajili ya pua yangu na urefu wangu. Huwa nacheka. Siku hiyo nilichelewa kucheka, naye akaona.

Kwetu ni Murusagamba, karibu na mpaka wa Burundi. Njiani, gari likiruka kwenye makorongo, nilikuwa nafikiria jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia hata mke wangu.

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi, nilikuwa na umri wa kuanza kuota ndevu. Baba alikuwa ameondoka zamani, nikiwa bado nabebwa mgongoni, wala hakurudi. Mihogo yetu ilikuwa imeoza ardhini. Mama alisikia kwamba kambini wakimbizi wanagawiwa mahindi ya njano, maharage na mafuta, basi akatuchukua mimi na dada yangu, tukatembea kutwa nzima. Hatukuwa peke yetu. Kwenye foleni niliona majirani wawili wakijifanya hawatujui. Njiani Mama alituonya tusiseme neno, yeye ndiye angesema.

Pale mezani aliulizwa tumetoka wapi. Akataja kilima cha ng'ambo ya mpaka. Akaulizwa kikoje. Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, na Kirundi vinasikilizana, lakini Mama hakusema Kihangaza. Alisema Kirundi kilichonyooka, kana kwamba alikuwa amekihifadhi mahali siku zote. Akaeleza njia inayoteremka kutoka kanisani, na chini yake chemchemi inayotoka kati ya mawe mawili, moja limelala, moja limesimama, ambapo alikuwa akichota maji akiwa msichana. Akaonyesha kwa mikono jinsi jiwe lilivyosimama. Hakusita hata mara moja. Tukapewa kadi, na kwa muda tukala.

Nilikuwa najivunia uongo ule. Nilidhani mama yangu ni mwerevu kuliko mama za wenzangu. Baadaye, nilipoanza kuteremshwa kwenye mabasi na watu wa uhamiaji nikiulizwa babu yangu alizikwa wapi, huku abiria wengine wakibaki kwenye viti vyao, nikaanza kujiuliza kama ulikuwa uongo.

Nilimkuta Mama akichambua maharage uani. Amezeeka, lakini mikono bado ina haraka. Nilimwamkia, nikakaa, tukaongea habari za wajukuu. Kisha nikamuuliza alizaliwa wapi.

"Umekuja toka Biharamulo kuniuliza hilo?"

Nikamweleza habari za shamba na kitambulisho. Akasema vizuri, hata yeye hana, tungekwenda wote kesho yake. Nikamrudisha kwenye swali. Nikamuuliza kama siku ile kambini alidanganya.

"Meza ya kambini, au ya kesho?" akauliza, akaendelea kuchambua.

Kesho yake tulikaa mbele ya afisa wa usajili, binti mpole aliyetoka mikoa ya mbali. Kando yake alikaa mwenyekiti wa kitongoji, mzee anayetufahamu, aliyeitwa kututhibitisha. Mama alianza. Binti akamwamkia shikamoo bibi, kisha akamuuliza alizaliwa wapi.

"Hapa hapa," Mama akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. Binti akataka aeleze zaidi. Mama akaeleza njia inayoteremka kutoka kanisani, na chini yake chemchemi inayotoka kati ya mawe mawili, moja limelala, moja limesimama. Mikono yake ikainuka, ikasimamisha jiwe vile vile. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Binti akaandika.

Nilihisi kama mtu aliyeamka kwenye nyumba ambamo hakulala. Zamu yangu ilipofika nilijibu maswali ya kwanza bila kuyasikia. Kisha binti akauliza kama nimewahi kusajiliwa kuwa mkimbizi.

Ningeweza kusema hapana. Mwenyekiti alikuwa akinitazama, na sasa nilimkumbuka: alikuwa mmoja wa wale wawili kwenye foleni. Lakini nilikuwa namtazama Mama. Nilitaka nimwone akishtuka, maana akishtuka ningejua.

"Ndiyo," nikasema.

Mama hakushtuka. Hakugeuka hata kuniangalia. Alimwambia binti, kwa sauti ile ile, "Andika na kwamba walikuwa na njaa."

Mwenyekiti akaanza kukagua viatu vyake. Binti akauliza maswali mengine mawili, kisha akaweka fomu yangu kando, peke yake, akanieleza kwa upole kwamba itahitaji kuangaliwa zaidi. Ya Mama aliiweka pamoja na za wengine.

Wakati wa kurudi, karibu na nyumbani, Mama akaniuliza kama mahindi yale nilikula mimi au alikula yeye peke yake.

Jioni niliteremka kutoka kanisani. Chemchemi ipo, wamejengea zege na kuweka bomba. Jiwe moja limelala. La pili sikuliona. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichota maji alisema lilipasuliwa kokoto zamani. Mwenzake akasema hajawahi kuliona jiwe jingine, na yeye kazaliwa pale. Wakaanza kubishana, nikawaacha. Ng'ambo ya bonde, upande wa Burundi, kulikuwa na kilima kingine chenye kanisa, na chini yake migomba imejaa kama huku.

Namba ya Mama ilitoka baada ya wiki kadhaa. Yangu bado. Wapima waliporudi Nemba nilimpigia Mama simu, nikamwambia shamba linaandikwa leo na mimi sina cha kuandika.

"Andika yangu," akasema. "Na hiyo migomba uipunguzie machipukizi."

Basi ekari tatu zimeandikwa jina lake. Shemeji aliichukua karatasi, akaisoma taratibu, akaniangalia pua.

"Sasa huyu mama yenu, hasa hasa ni wa wapi?"

Nikamwambia ni wa Chemchemi ya Mawe Mawili. Akadhani ni jina la kijiji, akakunja karatasi akanirudishia.